Dhahabu Imetoka Shambani Kwangu, Mbona Naambiwa Si Yangu?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya madini na nani hasa mwenyewe, serikali au mtu binafsi, tukasema mwenye swali alete. Mmeleta kweli. Zingine zilikuwa matusi kwa serikali, zingine matusi kwa wazungu, hizo nimeziweka pembeni kwanza, hapa nimechukua saba ambazo naona zitawafaa wengi. Nimefupisha baadhi.

Nauza au nakataa?

*Mhariri habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne nakaa huku karibu na Katoro mkoa wa Geita, shamba nimeachiwa na marehemu baba na hati ya kimila ninayo. Mwezi uliopita walikuja vijana na mashine za kupima wakachimba kidogo wakapata mawe yana dhahabu, basi watu wakaanza kuja kuja, sasa juzi kaja mzee mmoja na karatasi anasema ana leseni ya eneo lote mpaka kwangu, eti mimi niko juu tu, chini ni kwake. Hivi inawezekanaje mtu ambaye hata mwenyekiti wa kijiji hamjui awe na mali chini ya mahindi yangu? Nauza au nakataa? – Mama wa Katoro*

Mama yangu, kwanza usiuze na usikatae, tulia kidogo. Huyo mzee inawezekana kabisa anasema kweli kuhusu chini, ila kama amekuambia wewe huna chako hapo amekudanganya, au na yeye kadanganywa na waliomwandikia.

Iko hivi. Kwa sheria ya Tanzania madini yote yaliyo ndani ya ardhi ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na tangu marekebisho ya 2017 imeandikwa wazi kwamba yako mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Hati yako ya kimila inakupa haki ya kulima, kujenga, kurithisha watoto, lakini haishuki chini kwenye mwamba. Na usione umeonewa peke yako, hata mwenye ghorofa Masaki ni hivyo hivyo, tena hata hiyo ardhi yenyewe kwa sheria za 1999 ni ya umma, sote tuna haki ya kuitumia tu. Sasa na huyo mzee naye hamiliki dhahabu! Amepewa ruhusa ya kuitafuta na kuichimba. Hiyo leseni ndogo wanapewa Watanzania tu, ni ya miaka 7, isipohuishwa inakufa. Na kitu kinachowauma wengi wakija kukijua ni kwamba hata wewe ungeweza kuiomba, leseni hizi anayewahi kupeleka maombi ndo anafikiriwa kwanza, hawaangalii nani amelima hapo miaka 30.

Kwa hiyo mna karatasi mbili juu ya kipande kimoja, wewe ya juu yeye ya chini, na sheria inajua kwamba hawezi kufika chini bila kupita juu. Ndo maana imeweka kwamba karibu na nyumba inayokaliwa au shamba lililolimwa, mwenye leseni hachimbi mpaka apate ridhaa ya maandishi ya mwenye eneo, na akiharibu mazao au akitaka uhame analipa fidia. Hiyo ridhaa ndo mtaji wako mama. Ila usiichukulie kama rungu la kudumu, ukikataa bila sababu ya maana mamlaka inaweza kuamua aendelee, halafu unabaki na fidia ya mahindi tu.

La kufanya wiki hii hii: nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi pale Geita, mpe namba ya leseni aliyokuonyesha huyo mzee, wakuangalizie kwenye ramani yao kama kweli iko hai na kama kweli inafika kwako. Kuna watu wanatembea na fotokopi za leseni zilizokufa zamani na wanakusanya hela vijijini kwa hizo hizo. Ikiwa ni kweli, kaa naye mezani kabla ya sururu ya kwanza, muandikiane, na serikali ya kijiji iwepo.

Na muandikiane nini? Hapa nitakaa kidogo maana ndo wengi wanaliwa. Ukienda kwenye rashi yoyote (pale watu wanapokimbilia dhahabu mpya) huko Kanda ya Ziwa, mawe yakitoka yanajazwa kwenye viroba, vinapangwa mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimba, na watu wanahesabu kwa sauti. Mwenye leseni anatoa vyake, mwenye shamba anatoa vyake, vinavyobaki ni vya mwenye duara ambaye ndo alinunua magogo ya kushikilia kuta, mafuta ya pampu na unga wa vijana, naye anagawana na wachimbaji wake. Asilimia hazifanani kila mahali, ni makubaliano, ndo maana nasema yaandikwe. Na kiroba na kiroba si sawa. Kimoja cha mawe ya mwamba wenyewe kinaweza kushinda kumi vya udongo wa pembeni, na ukiwa haupo siku ya kuhesabu nakuhakikishia vya kwako vitakuwa vya pembeni. Kwa hiyo aidha uwepo, aidha umweke kijana wako anayejua mawe. Usisaini kitu kinachosema "atapewa kiasi kitakachopatikana". Na usipokee hela ya mkupuo ya kuuza shamba lote kwa sababu mtu kakuletea kwenye mfuko wa rambo na unaona noti nyingi. Kama hamtaki kabisa kuchimbiwa hilo ni jingine, lakini kama mtachimba, ni bora shamba libaki kwa jina lako.

Kwa nini serikali isichukue yote?

*Niaje mhariri, mi kijana wa Temeke. Hivi kwa nini tunasumbuka na hisa asilimia 16 sijui mrabaha sijui nini, si serikali ichukue migodi yote iwe 100% ya kwetu tumalize? Mali yetu, faida yetu. Au kuna watu wamehongwa?*

Mdogo wangu, swali lako lilishajibiwa na jirani, tena kwa gharama kubwa. Tuvuke tu Tunduma.

Zambia ilipokuwa inaelekea uhuru 1964 ilikuwa kwenye hali ya ajabu. Haki ya madini ya karibu nchi nzima haikuwa ya serikali wala ya machifu, ilikuwa ya kampuni moja binafsi, British South Africa Company, ile ya Cecil Rhodes. Msingi wake ulikuwa makubaliano waliyomsainisha mfalme Lewanika wa Walozi mwaka 1890 na mengine ya namna hiyo, hata kama migodi ya shaba yenyewe iko Copperbelt, mbali na Walozi. Kila tani ya shaba iliyotoka, kampuni inalipwa mrabaha, yaani fungu linalokatwa kwenye mauzo, na yenyewe haijachimba hata shimo moja la choo. Kaunda na wenzake wakakomaa, na ukingoni kabisa mwa uhuru, Oktoba 1964, kampuni ikaachia kwa pauni milioni 4, nusu Uingereza ikalipa, nusu Zambia yenyewe. Yaani nchi ilinunua kilicho chini ya miguu yake.

Mpaka hapo mi nakuunga mkono moja kwa moja. Mwamba ukiwa ardhini uwe wa nchi, hilo hata halina mjadala kwangu. Utata ni hatua ya pili. 1969 pale Matero Kaunda akatangaza serikali inachukua asilimia 51 ya kampuni za kuchimba, Anglo American na Roan Selection Trust, ikaanza kazi 1970. Watu walishangilia. Baadaye zikaunganishwa ikawa ZCCM mwaka 1982, mali ya umma. Na ZCCM haikuwa mgodi tu, ilikuwa na hospitali, shule, maji ya mitaa, timu za mpira, wazee wa Kitwe na Mufulira mpaka leo wanaisifia na wana haki ya kuisifia. Lakini bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 70, hela za kununua mashine mpya zikawa zinaenda kuziba matundu ya bajeti, mgodi ukawa unakamuliwa haulishwi. Uzalishaji uliokuwa kama tani laki 7 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 70 ukashuka mpaka kama laki 2 na nusu kufikia 2000. Hapo nchi ina madeni, IMF na Benki ya Dunia wanasukuma, ikabidi wauze, kati ya 1997 na 2000, na mtu anayeuza akiwa na njaa unajua anauzaje. Mikataba mingine iliweka mrabaha asilimia 0.6. Sifuri nukta sita! Halafu miaka michache tu mbele bei ya shaba ikapaa na Zambia ikabaki inaangalia.

Na hadithi haijaisha. 2021 serikali kupitia ZCCM-IH, kampuni yake inayoshika hisa za migodi, ikarudisha mgodi wa Mopani kutoka kwa Glencore, haikutoa hela mkononi, ilichukua deni la dola bilioni 1.5. Ukaonekana tena mgodi unataka mtaji mkubwa ambao serikali haina, 2024 asilimia 51 ikaenda kwa kampuni ya Falme za Kiarabu, IRH, kwa dola bilioni 1.1.

Kwa hiyo nani alihongwa sijui, mimi naangalia hesabu. Mgodi mkubwa unakula mamia ya mamilioni ya dola kabla haujatoa gramu moja, na ukiumiliki 100% ujue na hasara ni 100% yako, na bei ya dunia huipangi wewe. Serikali ikiingia humo inaingia na hela ya dawa na madawati. Sisemi haiwezekani. STAMICO, shirika letu la madini la taifa, ilichukua mgodi wa dhahabu wa Tulawaka 2013 baada ya wakubwa kuondoka, wakaunda STAMIGOLD, wanachimba. Ila huo ni mgodi mdogo, na hata huo haukuwa lelemama.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa Botswana, na walianza na kitu kigumu kuliko vyote. Almasi ya Orapa iligunduliwa 1967 kwenye nchi ya Wangwato, kabila la rais mwenyewe, Seretse Khama, ambaye kwa ukoo ndo angekuwa chifu wao. Angeweza kabisa kusema hii ni ya kwetu. Mwaka huo huo makabila yakakubali haki ya madini iende kwa taifa. Halafu hawakuifukuza De Beers, kampuni kubwa ya almasi, walianza na asilimia 15 tu ya kampuni, mgodi ulipoonekana una mali wakarudi mezani, kufikia 1975 wakawa na 50. Ukijumlisha kodi, mrabaha na gawio, serikali ilikuwa inabaki na zaidi ya asilimia 80 ya faida wakati kwenye karatasi ni nusu kwa nusu. Ila na wao sasa hivi almasi imedoda sokoni, za maabara zimeingia, na serikali inabana mkanda, maana hata mkataba mzuri namna gani hauzuii bei kuanguka.

Jirani yangu Texas analetewa cheki nyumbani

*Salamu kutoka Houston. Nimekaa Marekani miaka mingi sasa, huku mtu akiwa na shamba likagundulika lina mafuta au gesi anasaini na kampuni, kila mwezi cheki inakuja, hamuulizi rais wala waziri. Kwa nini Afrika tusifanye hivyo? Mwananchi angetajirika moja kwa moja, wizi wa serikali ungeisha. Mnaogopa nini?*

Kaka, hatuogopi, ila hiyo picha umeiona upande wa cheki tu.

Ni kweli Marekani ni karibu ya peke yake duniani kwa hilo, mwenye ardhi binafsi anaweza kumiliki mpaka chini, na kwa jadi kampuni za mafuta zilikuwa zinampa moja ya nane. Lakini muulize jirani yako kama chini ni kwake. Huko haki ya juu na haki ya chini zinauzwa mbalimbali, babu wa watu aliuza ya chini zamani akabaki na ya juu, mjukuu kajenga nyumba yake nzuri, siku moja lori la kuchimba linaingia uani, na kwa Texas sheria inampa wa chini nguvu ya kutumia ya juu kadiri ya mahitaji yake ya kuchimba. Yule Mama wa Katoro hapo juu angalau ana ridhaa ya maandishi.

Halafu ardhi ya serikali ya shirikisho, ambayo huko magharibi ni kubwa mno, bado inatumia sheria ya mwaka 1872 kwa madini magumu. Kampuni ikichimba dhahabu humo hailipi mrabaha wowote kwa serikali ya shirikisho. Hata ule wa Zambia wa 0.6 una nafuu.

Na kuna kisa cha Waosage wa Oklahoma ambacho huwa nakumbuka kila mtu akisema "mpe mwananchi moja kwa moja". Hawa Wahindi Wekundu walinunua ardhi yao wenyewe, na sheria ya 1906 ikabakiza madini ya chini kuwa ya kabila zima, mapato yanagawanywa kwa kila aliyeandikishwa, watu 2,229. Mafuta yakatoka, mwaka 1923 peke yake yaliingiza zaidi ya dola milioni 30, wakawa kati ya watu matajiri zaidi duniani kwa kichwa. Kilichofuata, mahakama zikawawekea wengi wao walezi wa kizungu eti hawawezi kushika hela zao, na watu wakaanza kufa, wengine kwa risasi, wengine kwa sumu, nyumba moja ikalipuliwa, kwa sababu fungu la mtu lilirithiwa na mjane au mgane wake, na mgane anaweza kuwa mzungu aliyeoa kwa hesabu. William Hale, tajiri wa ng'ombe aliyepanga baadhi ya mauaji hayo, alitiwa hatiani 1929. Mwenye mali kisheria walikuwa Waosage kabisa kabisa, karatasi safi. Kilichokosekana ni nguvu ya kuilinda hiyo karatasi, na sasa mtoe huyo Muosage umweke bibi yangu kijijini na mwekezaji ana mawakili kumi.

Afrika nayo imewahi kuwa na mfumo huo wa Texas. Afrika Kusini mpaka Mei 2004 madini yalikuwa ya mwenye ardhi, na kwa kuwa ardhi walikuwa wameporwa Waafrika, jibu la nani alitajirika unalo. Wabafokeng wa Rustenburg ndo waliowahi kuwa wajanja, karne ya 19 vijana wao walienda kufanya kazi kwenye almasi ya Kimberley, wakachanga, wakanunua mashamba yao wenyewe kupitia wamisionari maana Mwafrika alikuwa haruhusiwi kuandikishwa, na chini ya mashamba hayo ikaja kuonekana platinamu. Wale kweli walikula mrabaha, walishtakiana na kampuni miaka na miaka kuupata, na baadaye wakaubadilisha kuwa hisa. Lakini ni wao wangapi?

Ukitaka kunishawishi na cheki, nitajie Alaska. Kule mafuta ni ya jimbo, 1976 wakaanzisha mfuko, tangu 1982 kila mkazi anapata gawio kila mwaka. Mali ya umma, cheki ya mtu. Hilo hata sisi tungeweza kuliongea.

Hizo asilimia 16 ni hela au maneno?

*Mimi mwalimu Kahama. Tuliambiwa 2017 tumeibiwa, makinikia, dola bilioni 190, kila mtu gari lake aina ya Noah. Tukaja kuambiwa tuna hisa 16%. Naomba unieleweshe kwa lugha rahisi, mwananchi anapata nini?*

Mwalimu, Noah yangu mi nilishaacha kuisubiri.

Kwa ufupi kwa waliosahau: Machi 2017 Rais Magufuli alizuia makinikia, ule mchanga wenye dhahabu na shaba, kwenda nje, makontena 277 yakashikiliwa bandarini Dar, kamati ya Profesa Mruma ikaja na ripoti, ya Profesa Osoro ikafuata, halafu TRA, mamlaka ya mapato, ikaiandikia Acacia, kampuni ya migodi iliyokuwa chini ya Barrick, deni la dola bilioni 190 kodi na riba na faini. Mazungumzo na Barrick yakaishia dola milioni 300, zile watu walizibatiza kishika uchumba, na mkataba uliosainiwa Januari 2020 ulioanzisha Twiga Minerals, serikali asilimia 16. Kutoka bilioni 190 hadi milioni 300 ni umbali mkubwa, na mimi nadhani ile namba ya kwanza ilitusaidia mezani ila ilituharibia vichwa.

Sasa hesabu. Fikiria umemkabidhi mtu bodaboda yako. Unaweza kumwambia lete elfu 10 kila jioni, upate abiria usipate shauri yako. Au unaweza kumwambia tugawane faida ukishatoa mafuta, sevisi, pancha na faini za barabarani. Ya kwanza ndo mrabaha. Ya pili ndo hisa. Wenye bodaboda wote wanajua ipi inaleta ugomvi.

Tuseme mgodi umeuza dhahabu ya dola milioni 100, ni mfano tu. Mrabaha asilimia 6, hiyo ni milioni 6 inakatwa kwenye mauzo. Ada ya ukaguzi asilimia 1, milioni 1. Jumla 7 na hapo hatujauliza kama wamepata faida. Kisha wanatoa gharama zao zote. Wakisema faida ni milioni 10, kodi ya mapato asilimia 30 inachukua 3, zinabaki 7, wakigawa zote asilimia 16 yetu ni milioni 1.12. Umeona? Kile kilichopigiwa ngoma kimeleta moja, kile kisichoimbwa kimeleta saba. Faida ikiwa kubwa hisa zinanenepa, faida ikiwa 40 utapata kama 4.5, na kweli 2020 Twiga ilitoa gawio la kwanza na serikali ikapata dola milioni 40, si haba. Lakini hiyo faida inaandikwa na nani? Kampuni mama nje inaikopesha kampuni mtoto ya hapa, mtoto analipa riba, analipa ada ya usimamizi, ananunua vipuri kwa ndugu yake aliyeko nchi nyingine kwa bei wanayojua wao, mwisho wa mwaka mtoto ana dhahabu nyingi na faida hana.

Ndo maana mi siku zote naona watu wanapigania kitu kisicho sahihi. Mtu anauliza "mgodi ni wa nani" wakati ya kuuliza ni inapimwa wapi, nani kashika mzani, na hela inatoka kabla ya gharama au baada. Sheria ya 1998 ilitupa mrabaha wa dhahabu asilimia 3, ya 2010 ikawa 4, 2017 ikawa 6, hizo ndo namba ningependa wanafunzi wako wazijue. Faida ya zile 16 ninayoiona mimi kubwa zaidi ni kwamba mwenye hisa anaingia kwenye bodi na anaona vitabu. Kama wanaotuwakilisha humo wanavisoma basi tumepata kitu.

Kwale, mgodi umefungwa

*Sisi wa Kwale tuliambiwa asilimia 10 ya mrabaha ni ya jamii. Mgodi umeshafungwa. Nauliza tu.*

Ndugu yangu, umeuliza kwa upole kuliko wote. Katiba yenu ya Kenya ya 2010 inayahesabu madini kuwa sehemu ya ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 ikagawa mrabaha 70 kwa serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Base Titanium, wenye mgodi huo, walianza kusafirisha 2014, uchimbaji ukaisha Desemba 2024, na muda mwingi katikati hapo la jamii lilikwama kwa kisingizio kwamba utaratibu wa kuligawa haujaandikwa. Deni halikufungwa na mgodi lakini. Ulizeni kwa maandishi, kaunti na wizara, kila mwaka wa fedha kivyake, ni kiasi gani kilikusanywa, kipi kimetolewa na akaunti ya jamii anaisaini nani. Na muulize mapema na habari ya ardhi iliyochimbwa, inarudi kwa nani.

Kolwezi

*Jambo wandugu. Huku kobalti ni ya Leta, ni vile balituambiaka tangu zamani. Siye benye kuikala juu yake tunaona tu makamiyo inapita. Ile falanga inaendaka wapi?*

Nimeiacha ilivyo, wa Lamu mtavumilia: Leta ni serikali, makamiyo ni malori, falanga ni hela. Kongo ilirudisha ardhi na madini kwa serikali kwa sheria ya Bakajika 1966, na mwanzoni mwa 1967 Mobutu akaichukua Union Minière, ndo ikazaa Gécamines, ambayo nayo ilikuja kuporomoka kama ZCCM. Sheria ya leo, iliyorekebishwa 2018, imegawa mrabaha hivi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au usultani wenu palepale mgodi ulipo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti wameiita madini ya kimkakati kwa hiyo mrabaha wake ni asilimia 10, mkubwa. Kwa hiyo swali lako usilipeleke Kinshasa kwanza, hizo 15 zinaingia hapo hapo kwenu, anayezipokea ana ofisi na ana jina na mnakutana naye sokoni.

Na Laizer je?

*Kama madini ni ya serikali mbona serikali ilimnunulia Laizer mawe yake? Si ilikuwa inanunua mali yake yenyewe? – Arusha*

Hahaa, wewe ungefaa kuwa wakili. Jiwe likiwa mwambani ni la Jamhuri. Likishatolewa na mwenye leseni halali, likaandikishwa na mrabaha wake ukalipwa, ni la mchimbaji, anauza kama mtu anavyouza mbuzi. Juni 2020 Saniniu Laizer alitoa Mirerani mawili ya tanzanaiti, kilo 9.27 na kilo 5.1, wizara ikamlipa shilingi bilioni 7.74, miezi miwili baadaye akarudi na la kilo 6.3, bilioni 4.8 nyingine. Bila leseni yale yale mawe yangekuwa ya magendo, na kabla ule ukuta wa kilomita 24.5 wa kuzunguka machimbo ya Mirerani haujajengwa 2018 mengi yalikuwa yanatoka hivyo, mfukoni.

Wewe usiye Laizer, ukipeleka dhahabu ya milioni 10 soko la madini, la kwanza lilifunguliwa Geita 2019, makato ya msingi ni mrabaha laki 6, ukaguzi laki 1, na ushuru wa huduma wa halmashauri, kodi na tozo zingine huwa zinabadilika na bajeti kwa hiyo ulizia dirishani kabla ya kupima. Angalia mzani wanapoweka sifuri, angalia usafi wa dhahabu mashine inasoma ngapi, linganisha na bei elekezi iliyobandikwa. Na dalali wa nje ya geti akikuambia atakupa zaidi bila makato, muulize kwanza mzani wake umekaguliwa lini.